Nafasi Uliyolipia na Hujaigusa

Tuseme umelipia siti mbili kwa matatu, moja yako, moja ya mzigo. Katikati ya safari makanga anaona mzigo umeupakata. Siti iko tupu. Anaweza kuweka abiria mwingine pale? Wengi watasema aweke tu, si iko bure? Halafu ukiwauliza pesa za siti hiyo ni za nani, wananyamaza.

Swali hili liko ndani ya vituo vya data. Ile tunaita wingu ni maghala yaliyojaa seva, na kwa miaka mingi kila seva imekuwa kama nyumba inayojitegemea: prosesa yake, memori yake, diski yake, boksi moja. Shida ni kwamba wateja hawaji kwa vipimo vya boksi. Wakikodi prosesa zote na nusu ya memori, nusu ingine inabaki hapo ikila stima, na haikodishiki kwa sababu hakuna prosesa ya kwenda nayo. Watafiti wa Microsoft, katika kazi yao iitwayo Pond ya mwaka 2023, walikuta hadi asilimia 25 ya memori huweza kukwama hivyo. Tena walikuta karibu nusu ya kompyuta pepe wanazokodisha hazigusi nusu ya memori zilizopewa. Imelipiwa, manze, na haiguswi.

Dawa inayopendekezwa ni kuvunja boksi. Memori iwe kama tanki la maji la ploti nzima, kila seva ichote inavyohitaji. LegoOS, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 2018, ulienda mbali zaidi: prosesa kivyake, memori kivyake, diski kivyake, mtandao katikati.

Lakini tanki liko uani, si jikoni. Memori iliyo kando ya prosesa hujibu kwa nanosekunde 100 hivi. Ile ya pamoja, hata kwa teknolojia mpya ya CXL, huchukua karibu maradufu; kupitia mtandao ni mikrosekunde kadhaa. Kwako na kwangu huo ni upuzi. Kwa hifadhidata inayolinganisha mabilioni ya safu, kila safu ni safari ya uani. Programu hizi ziliandikwa na watu walioamini memori iko hapo hapo, ndiyo maana zinarukaruka ndani yake bila kuhesabu hatua. Sasa lazima zifunzwe upya: kinachotumika sana kikae karibu, na badala ya kubeba data yote hadi kwa prosesa, kazi ndogo itumwe kule data iliko, irudi na jibu pekee. Ukitaka kujua bei ya unga unamtuma mtoto dukani, huhamishi duka.

Sasa, Pond haimuulizi mteja. Inabashiri. Inaangalia tabia za nyuma, inakisia sehemu ya memori ambayo hutaigusa, na sehemu hiyo inakupa ya mbali. Ikikosea, inagundua na kukurudishia ya karibu. Kwa hesabu yao, gharama ya memori inashuka kwa asilimia 7, na kasi inapungua kwa asilimia 1 hadi 5 tu.

Sitetei uharibifu. Memori isiyotengenezwa ni madini yasiyochimbwa. Ila kutoumia si sawa na kutokosewa. Benki nayo hukopesha akiba yako ukiwa umelala, lakini hilo unalijua, kuna sheria, na unapata riba hata kama ni ya kuchekesha. Hapa ubashiri kuhusu tabia yako ndio unaookoa pesa, na wewe hata hujui umebashiriwa. Ile asilimia 7 inaenda kwa nani?

Mimi ningeomba kitu kidogo tu: niambie gigabaiti ngapi ziko jikoni na ngapi ziko uani, uziuze kwa bei tofauti. Diski tayari zinauzwa hivyo, za kasi ghali, za polepole rahisi, na hakuna aliyekufa.