Je, Huruma Inafundishwa Shuleni?



Mwaka uliopita mchungaji wetu alipokea barua kutoka shule moja kubwa ya mji wetu wa Lubumbashi. Barua ile iliomba tumpokee kwa miezi 3 binti mmoja wa mwaka wa mwisho, anayejifunza kazi ya asistanti sosiale, ili afanye staji yake katika kazi yetu ya kuwatunza wajane, yatima na wagonjwa. Mchungaji akanipa mimi barua, kwa kuwa mimi ndiye shemasi wa kazi hiyo. Niwaambie kweli, sikufurahi. Nilisema moyoni: kumhurumia maskini, sherti mtu awe na diploma? Mama yangu hakukaa darasani hata siku moja, na mgeni hakutoka nyumbani kwetu na njaa. Tangu lini huruma ikawa somo la ubaoni, lenye mtihani na pointi?

Swali hilo ndilo ninawaletea leo. Nimelibeba mwaka mzima, na jibu nililokuwa nalo mwanzo silo nililo nalo sasa.

Wiki ya pili ya staji, siku ya Ijumaa, familia moja ya Katuba ilituletea mtoto wa kiume wa miaka 9. Baba na mama yake walikufa, anakaa kwa mama mdogo. Mama mdogo alifiwa na mtoto mchanga. Na huyu wa miaka 9 alikuwa anakojoa kitandani, tena hasemi sana. Mtu mmoja katika chumba cha maombi akasema ameota ndoto juu yake. Kiisha hapo jina la mtoto likawa moja tu: mulozi. Wakatuomba tumfungie kanisani, afunge bila kula wala kunywa mpaka akiri. Mambo haya tunayajua sisi wote, tusijifiche.

Mimi nilikataa mtoto afungwe njaa. Kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini yale mengine niliyafanya kwa moyo mwema, na yalikuwa mabaya. Papo hapo nilimpigia simu ndugu mmoja wa komini ya Kenya, akakubali kumchukua mtoto jioni ile ile. Nikamnunulia mtoto shati. Nilijiona kama Msamaria yule wa njia ya Yeriko.

Yule binti wa staji alikuwa amekaa kimya. Akasema, “Papa shemasi, samahani. Mtoto mwenyewe amesema nini?”

Nikamtazama. Tulikuwa watu wazima 6 katika chumba kile, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mtoto neno.

Basi tukaahirisha safari ya Kenya, mtoto akalala kwangu. Binti akakaa naye juu ya mkeka wanatoa karanga maganda, hawasemi kitu cha maana, kutwa nzima, na kesho yake tena. Mke wangu alishangaa: hii ndiyo kazi wanayosomea? Siku ya tatu mtoto akaanza kusema. Akasema tangu mtoto mchanga alipokufa, analazwa jikoni nje, na usiku anaogopa. Akasema pia ana bibi, mama wa baba yake, anayeuza makala Kipushi. Kipushi ni kilomita kama 30 tu kutoka hapa. Hakuna aliyemwambia bibi huyo hata neno moja. Na mimi nilikuwa tayari kumpa mtoto kwa watu asiowajua, wakati damu yake mwenyewe iko karibu hivyo!

Siku ya Jumapili, katikati ya mambo haya, nilikuwa nimefanya kosa la pili. Wakati wa matangazo nilisimama nikaomba kanisa lote liombee familia fulani ya Katuba, yenye mtoto anayesemwa kuwa mulozi. Nilidhani ni maombi. Jumatatu kartye nzima ilijua, na mama mdogo akafunga mlango wake. Mpaka leo hanisalimu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua zaidi. Wiki ya tatu mwalimu anayefuata staji alikuja kuangalia kazi ya mwanafunzi wake. Binti akamweleza yote, na akasema kwamba amempa mtoto pesa yake mwenyewe ya transporti, na amemwahidi: “Nitakuja kila siku, sitakuacha.” Nilidhani mwalimu atamsifu. Alimkemea, mpaka binti akalia.

Hapo nilikasirika. Nikasema, “Mwalimu, unamkemea juu ya kupenda?”

Akanijibu bila kupandisha sauti: “Papa shemasi, mtoto huyu ameachwa na mama aliyekufa, na baba aliyekufa, na mama mdogo aliyemkataa. Staji hii inabakia wiki 10. Huyu binti atakuwa mtu wa nne.”

Ndugu, jibu hilo lilinifunga kinywa. Usiku sikulala vizuri. Maana nilikuwa nimeamini kwamba huruma ikitoka moyoni, imekwisha kuwa njema, haihitaji kitu kingine. Lakini tuangalie vizuri. Nilipotaka kumpeleka mtoto Kenya jioni ile, nani alikuwa anatafuta amani? Ni mimi. Moyo wangu uliumia kumwona, na nilitaka maumivu yale yaishe upesi, kabla ya chakula cha usiku. Na binti alipotoa ahadi ile, alikuwa anaufariji moyo wake pamoja na wa mtoto, lakini deni la ahadi lingelipwa na mtoto peke yake. (Nilipomsomea mke wangu maneno haya alisema, “Ningekuambia hayo siku ile ile, lakini hukuuliza.”)

Kumbe katika huruma kuna vitu viwili ambavyo lugha yetu inaviita kwa jina moja. Kuna ile ya kuguswa: hiyo ni zawadi, na hakuna profesa anayeweza kuitia ndani ya mtu asiyekuwa nayo. Na kuna ile ya kumfikia mwenzako pale alipo kweli, si pale unapomwona wewe. Hiyo ya pili ni kazi, na kazi inafundishwa, kama fundi anavyofundishwa kupima mbao kabla ya kukata. Kuuliza kabla ya kujibu. Kuvumilia kimya cha mtu. Kutoahidi lisilo mkononi mwako. Kuandika dosye bila kumtukana mtu ndani yake. Na kutunza siri: neno aliloniambia mwenye shida ni mali yake, hata kama mimi ndiye niliyelisikia. Sisi katika kanisa tunaimba vizuri juu ya upendo, lakini wakati mwingine matangazo yetu yamekuwa redio ya kartye.

Labda mtu atasema: shemasi ameanza kuiweka shule juu ya Roho. Hapana. Someni tena Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la kwanza halikukosa upendo, watu walikuwa wanauza mali yao na kugawa. Hata hivyo wajane wa upande mmoja, wale wenye kusema Kiyunani, walikuwa wanasahauliwa katika chakula cha kila siku. Mitume hawakusema, “Tuombe upendo uongezeke.” Walitafuta watu 7, na mashariti yake yalikuwa watu wenye sifa njema, wenye kujaa Roho, na pia hekima. Tena tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, na wengine, yote ni majina ya Kiyunani. Naona kama walichagua watu walioweza kusikia lugha ya waliosahauliwa. Ushemasi wetu ulianzia hapo, katika lalamiko la chakula kilichogawanywa vibaya.

Lakini shule peke yake nayo haitoshi, na sisi wa Kongo tumeona hilo kwa macho. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na nyumba zilizoitwa foyer social katika miji mikubwa. Wamama walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika, kulea mtoto mchanga, na maasistanti wa kizungu walitembelea watu nyumbani. Kuna wabibi waliopata faida pale, sikatai. Lakini aliyebisha mlango aliingia na jibu tayari mfukoni: nyumba njema ni ya namna hii, mke mwema ni wa namna hii. Alikuja kukagua, hakuja kuuliza. Elimu alikuwa nayo, vyeti vyote.

Shule ya kwanza ya kazi hii katika dunia ilifunguliwa Amsterdam, mwaka 1899. Karibu zaidi na sisi, mwaka 1941 ilifunguliwa Johannesburg shule ya Jan Hofmeyr, kwa ajili ya Waafrika weusi. Joshua Nkomo alisoma pale, kiisha akarudi Bulawayo kufanya kazi ya jamii katika shirika la reli. Winnie Madikizela, aliyekuja kuolewa na Mandela, alisoma pale pia, akawa asistanti sosiale katika hospitali ya Baragwanath. Wote wawili waliishia katika siasa, na mimi sishangai. Mtu aliyefundishwa kuuliza vizuri katika nyumba ya maskini, siku moja atauliza pia kwa nini nyumba ile ni maskini.

Kwetu sasa matatizo ni mengine. Nimeona vijana wengine wa staji wanakuja na karatasi tu, wanataka muhuri na sahihi, basi. Si kwa uvivu kila mara. Mwanafunzi hana pesa ya basi, na mwalimu asiyelipwa vizuri hawezi kufuata wanafunzi 20 katika komini 7. Na wazazi wengine wanampeleka binti katika sehemu ya sosiale kwa kuwa wanasema ni masomo mepesi. Mepesi! Waje wakae juu ya mkeka ule siku tatu.

Na jambo hili si mchezo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema anayemshitaki mtoto hivyo anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Sheria hiyo hiyo inampa asistanti sosiale kazi ya kumweka mtoto wa namna hii katika familia. Maana yake, yule binti aliyelia mbele ya mwalimu wake, kesho kutwa atashika maisha ya watoto mkononi. Atakuwa amejifunzia wapi? Kama hakujifunzia kwetu, kwa makosa tuliyomsaidia kuyaona, atajifunzia juu ya watoto.

Kwa hiyo nimeomba baraza la mashemasi mambo mawili. Tuwapokee wanafunzi kila mwaka na tuwalipie basi kutoka sanduku la maskini. Na mwalimu wao akija, nasi mashemasi tukae tusikilize. Mzee mmoja ameuliza kama pesa ya maskini inaweza kulipa nauli ya mwanafunzi. Ni swali la haki, bado tunalizungumza.

Mtoto yuko kwa bibi yake Kipushi, anasoma. Usiku mara moja moja bado anakojoa, na bibi anafua bila kelele. Binti alimwambia wiki tatu mbele kwamba ataondoka, wakachora siku kwenye kalenda ya ukutani, na kila siku mtoto akafuta moja. Siku ya mwisho mtoto alilia, lakini alijua kwa nini.

Mimi ninakwenda kule Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Aliniuliza kama nitakuja kila wiki, na ulimi wangu ulikuwa karibu kusema ndiyo. Nikamwambia, mara moja kwa mwezi.