Tule Bila Kuuliza?

Liko swali moja lililotusumbua tangu mwaka 2012, nasi tumeona yafaa kuliandika hapa kwa sababu hatudhani kwamba ni letu peke yetu. Swali lenyewe ni hili: mtu anayenunua kitu kilichopatikana kwa uovu, hali yeye mwenyewe hakuutenda uovu huo, je, ana sehemu katika kosa? Tutalieleza kwa habari ya samaki, maana hapa Pangani samaki ndiyo kitoweo chetu, na hakuna nyumba isiyojua bei yake.

Mwaka ule tulikuwa katika kamati ya sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Kwa kuwa Andrea alikuwa mvuvi, iliamuliwa kwamba chakula cha siku hiyo kiwe wali na samaki. Fedha hazikuwa nyingi. Tulimtuma kijana mmoja dikoni alfajiri, tukamwambia maneno ambayo hatujayasahau: "Tafuta bei ya chini kabisa." Alirudi jua halijapanda, amebeba vikapu viwili vya changu na tasi, na fedha zilizobaki mkononi. Kamati ikafurahi, nasi tukamsifu mbele ya watu.

Akina mama waliokuwa wakipara samaki ndio waliogundua. Mmoja wao alimshika changu kwa mkia, naye akalegea mkononi kama kitambaa. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Alipompasua, tumboni mlikuwa na damu iliyoganda. Akasema, "Mwalimu, hawa ni wa baruti." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia kwamba mchele una chuya.

Palizuka maneno. Wengine walisema samaki wafukiwe. Wengine walisema chakula ni kipaji cha Mungu, na kukifukia huku watoto wanasubiri ni kuongeza kosa juu ya kosa. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyeisoma Biblia kwa bidii, akatukumbusha kwamba Mtakatifu Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri. Neno hilo likamaliza shauri. Samaki wakapikwa kwa nazi, tukala, tukashiba. Yule mama peke yake alikula wali kwa mchicha. Hatukumwuliza sababu. Baadaye tuliambiwa kwamba mumewe alikuwa mvuvi wa mshipi, na kwamba alfajiri ile kijana wetu alimkuta dikoni na samaki wake, akaiona bei yake ni kubwa, akapita.

Ni vizuri tueleze, hasa kwa vijana, baruti hufanya nini. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki na kuvunja mifupa yake. Wengine huelea wakaokotwa, na wengi huzama bila kumfaa mtu. Wakubwa na wadogo, wanaoliwa na wasioliwa, wote hufa pamoja. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, husagika yakawa kifusi, na mahali palipopigwa mara kwa mara panaweza kukaa makumi ya miaka pasipone. Samaki wa mshipi ana alama ya ndoana mdomoni. Wa nyavu mara nyingi ana mistari ya nyuzi mashavuni. Wa baruti kwa nje aweza kuonekana hana dosari, kumbe amevunjika ndani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa kuvua kwa baruti na kwa sumu, na makatazo hayo si mageni. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua.

Tumeyarudia maneno ya Mtume Paulo mara nyingi tangu siku ile. Yamo katika sura ya 10 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na mzee wetu hakuyabuni. Kosa letu ni kwamba hatukusoma nyuma wala mbele. Jambo lililowasumbua Wakorintho lilikuwa nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Paulo alikwisha kuwafundisha kwamba sanamu si kitu. Basi nyama ile haikuharibika kwa kupita mbele yake, wala hapakuwa na jirani aliyedhulumiwa kwa kununuliwa kwake. Samaki wa baruti ni habari nyingine. Mwamba uliovunjika ni kitu. Njaa ya mvuvi aliyepitwa ni kitu. Tena mstari unaoitangulia ruhusa ile watuagiza tusitafute faida yetu wenyewe bali ya mwenzetu, na mistari inayofuata yasema kwamba mtu akikuambia asili ya chakula hicho, usile, kwa ajili yake aliyekuambia. Sisi tuliambiwa. Tuliambiwa na mama mwenye kisu mkononi, nasi tukatafuta aya ya kumjibu.

Pengine msomaji atasema: "Samaki wamekwisha kufa. Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Hoja hii si ya kudharau. Ni kweli kwamba kuwafukia wale changu kusingaliwafufua. Lakini mtu arushaye baruti harushi kwa ajili ya samaki wa jana. Hurusha kwa ajili ya mnunuzi wa leo. Yule aliyewasha utambi alfajiri ile hakutujua kwa majina, lakini alikuwa na hakika kwamba tupo, na kwamba tumemwambia kijana wetu atafute bei ya chini kabisa. Hakika yake hiyo sisi ndio tuliompa. Naye mtu wa pili atakayenunua atajibu kwa sehemu yake; kuwapo kwake hakuondoi yetu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya umaskini. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na ngalawa haziwezi kwenda mbali, watu wengi wa mji huu huvua ufukoni na mtoni. Vijana hutupa mishipi kutoka ukingoni mwa mto, wazee hurusha vimia wakitafuta mkizi na kamba, na wanawake hutanda uduvi maji yanapopwa. Uvuvi wa namna hii umewalisha watu tangu mababu, wala hatuna neno juu yake. Lakini wako pia wanaokokota vyandarua kandokando ya mikoko, nao hutoa changu na chewa wasiozidi kidole. Samaki wengi wa mwambani hukulia katika mikoko na katika majani ya bahari kabla ya kwenda kwenye maji makubwa. Kwa hiyo chandarua kimoja mtoni kinaweza kuondoa kitoweo cha vyombo vingi vya baharini, kitoweo ambacho kingevuliwa mwaka ujao na mwaka wa pili.

Je, tumwambie mjane mwenye watoto wanne na chandarua kimoja kwamba yeye ni mwenye dhambi sawasawa na mfanyabiashara wa baruti? Hatuwezi, wala hatuamini hivyo. Njaa hupunguza uhuru wa mtu, na pale uhuru unapopungua, hatia nayo hupungua. Hata hivyo madhara hayapungui. Bahari haiulizi aliyechukua kifaranga chake alikuwa na njaa au alikuwa na tamaa. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yamruhusu mtu aliyekuta kiota njiani achukue makinda, lakini amwache mama aende zake. Hatuoni mahali inaposema kwamba agizo hilo ni la matajiri tu. Mwenye njaa pia ana kesho, na ni kesho yake hiyo inayolindwa.

Hapa ndipo tulipofika katika kufikiri kwetu. Sehemu ya mtu katika kosa hupimwa kwa mambo mawili: alijua nini, na alikuwa na nafasi gani ya kuchagua. Mjane wa mtoni anajua kidogo na ana nafasi ndogo. Mgeni aliyekuja kupumzika Ushongo, ambaye asubuhi amepelekwa Maziwe kuwatazama samaki wakiwa hai, na jioni ameletewa samaki mezani, ana nafasi kubwa lakini huenda hajui lo lote. Mpishi na mnunuzi wa hoteli wanajua, maana wao hupasua samaki kila siku. Nasi wa kamati ya sikukuu tulijua, kwa kuwa tuliambiwa. Na tulikuwa na nafasi ya kuchagua, kwa kuwa maharage hayakukosekana madukani. Basi katika orodha hiyo sisi tusijiweke karibu na mjane.

Tena sisi Waanglikana wa pwani hii tuna sababu yetu wenyewe ya kulifikiri jambo hili. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya misafara, na watumwa na pembe za ndovu vilipita hapa kwenda Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa mahali pale pale. Hatulinganishi samaki na binadamu, Mungu apishe mbali. Twalinganisha maneno ya wanunuzi. Mtu wa Ulaya au wa Marekani aliyenunua kinanda chenye vibao vya pembe hakushika mjeledi, wala hakumwona aliyeibeba pembe ile mpaka pwani. Angeulizwa, angesema kwamba yeye alinunua kinanda tu, tena dukani, kwa fedha halali. Leo twamwona wazi kwamba alikuwa na sehemu. Ni rahisi kumwona, kwa sababu si sisi, na ni zamani.

Tunamshukuru Mungu kwamba milipuko imepungua sana katika pwani yetu tangu serikali ilipokaza mkono, polisi na idara ya uvuvi wakifanya kazi pamoja, katika miaka ya 2016 na kuendelea. Zamani tulikuwa tukiisikia tukiwa darasani, na watoto walikuwa wakitazamana. Lakini swali letu halikupungua pamoja nayo. Vyandarua vingalipo, na samaki wachanga wangali wakiuzwa kwa mafungu, na bei ya chini kabisa ingali ikitafutwa.

Basi tufanye nini? Hatusemi kila mtu awe askari wa bahari. Twasema kila mwenye nafasi ya kuchagua aulize maneno matatu anaponunua: samaki huyu amevuliwa wapi, na nani, na kwa chombo gani? Muuzaji akikasirika, hilo nalo ni jibu. Pili, anayevua kwa haki alipwe bei yake bila kuvutwa sana. Twajua kwamba mshipi hauleti vikapu viwili kabla ya jua kupanda. Mtu huyo auza saa zake pamoja na samaki. Tatu, karamu za kanisa ziwe mfano. Fedha zisipotosha samaki wa haki, zipikwe kunde, na padre aseme wazi mbele ya watu kwa nini siku hiyo ni kunde. Hatudhani kwamba Mtakatifu Andrea atachukizwa. Na kwa mjane wa mtoni, mahubiri peke yake hayafai kitu. Kama twataka aweke chini chandarua, yatupasa tuulize kwanza watoto wake watakula nini wiki hiyo, na tuwe tayari kuchanga.

Mwaka uliofuata sikukuu ile tulikwenda kwa mume wa yule mama kuomba radhi. Alikuwa amekaa barazani akifunga ndoana, akatukaribisha, akatusikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile nilikuwa nataka shilingi 2,000 zaidi kwa kilo. Basi." Akaendelea kufunga ndoana zake.

Tuliona haya, kwa maana fedha hizo zilikuwamo mfukoni mwa kamati. Ndizo zile tulizofurahi kurudishiwa. Tangu siku hiyo tukienda dikoni huuliza kwanza. Mara nyingine twarudi na kapu tupu, na nyumbani wananung'unika, nasi pia twanung'unika, kwa kuwa twapenda samaki. Lakini tunapompita mzee yule barazani kwake tunaweza kumwamkia tukimtazama usoni, jambo ambalo kwa mwaka mzima tulikuwa hatuliwezi.