Masale ya Mpakani

Familia moja ya Kimara, Dar es Salaam, ilianza kujiandaa kwa Krismasi ya 2023 mapema sana. Gari lilipelekwa gereji, watoto wakashonewa nguo za sare, na pesa ya ndafu ikatumwa kwa bibi Kibosho, Moshi, kabla bei ya mbuzi haijapanda. Mama wa nyumba aliandika kwenye daftari kila kitakachopakiwa: mchele, sukari, khanga za bibi, dawa za bibi, viatu vya binamu. Baba mdogo hakuandikiwa kitu.

Baba mdogo ndiye kitinda mimba wa bibi, na kwa desturi ya Wachaga ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la nyumbani. Kaka yake mkubwa, ndiye baba wa familia ya Kimara, alikatiwa chake pembeni. Katikati umepandwa mstari wa masale, mmea ambao mlimani ni alama ya mpaka. Kaka aliamini masale yale yamesogezwa hatua kadhaa kuingia upande wake. Hakumwuliza mdogo wake hata siku moja. Maneno yake yote aliyamwaga Kimara, wakati wa chakula cha jioni, watoto wakisikiliza.

Majilio ya mwaka ule yalianza tarehe 3 Desemba, na yalikuwa mafupi kadiri yanavyoweza kuwa, kwani Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24, siku ya mkesha wenyewe. Familia haikukosa ibada. Ilisikia habari za Yohana Mbatizaji akiwaita watu watubu nyikani, ikaimba, ikatoa sadaka, ikarudi nyumbani kuhesabu mizigo. Siwalaumu kwa mizigo. Safari ya Moshi mwezi wa Desemba ni ndefu na ya foleni, na bibi hastahili kukuta wajukuu mikono mitupu. Ninachowalilia ni zile jioni za wiki tatu zilizopita bila mtu kushika simu.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, ukoo ulikusanyika kwa bibi. Mtori ulikuwapo, kisusio kilikuwapo, mbege ilizunguka katika kata. Baba mdogo alishika kisu kugawa ndafu. Hapo mtoto wa mwisho wa kaka, aliyekuwa bado darasa la kwanza, akamwuliza bibi yake kwa sauti ya kila mtu kusikia: “Bibi, huyu ndiye yule mwizi aliyekula shamba letu?”

Baba mdogo aliweka kisu chini akatoka. Bibi akainuka kumfuata mwanawe, na hakurudi kula. Kikao cha ukoo kilichopangwa siku iliyofuata hakikufanyika. Alfajiri ile gari la Dar lilikuwa limeshapita Same.

Wengi walisema mtoto hana adabu. Si kweli. Alirudia katekisimu ya nyumbani kwao, aliyoisikia jioni baada ya jioni. Mzazi anaweza kumpeleka mwanawe kwenye mazoezi ya igizo la Krismasi kila Jumamosi, lakini lile analolisema juu ya ndugu yake wakati ugali unaliwa ndilo linalokaa. Ndiyo maana maandalizi ya kiroho ya familia huanzia kwenye mazungumzo ya mezani. Mshumaa wa Jumapili ya kwanza ya Majilio ukiwashwa, wazazi wajiulize mbele ya watoto: tunakwenda kuketi na nani mwaka huu, na ni nani kati yao ambaye hatujasalimiana naye kwa haki? Huyo apigiwe simu kabla ya Jumapili ya pili. Sura ya tano ya Injili ya Mathayo inaagiza hivyo hivyo: sadaka iachwe madhabahuni, mtu aende kwanza akapatane na nduguye.

Wachaga wenyewe walikuwa na njia hiyo tangu zamani. Jani la sale lile lile linaloonyesha mpaka ndilo anayeomba msamaha humpelekea aliyemkosea, na anayelipokea si rahisi ashikilie kinyongo. Krismasi ile ndugu wale wawili walitenganishwa na mstari mzima wa masale, na hakuna aliyechuma jani moja.

Mwaka uliofuata, kaka alipanda Kibosho peke yake mwezi wa Novemba. Mbele ya wazee wa ukoo alimkabidhi mdogo wake sale, kisha wakakagua mpaka pamoja. Masale hayakuwa yamesogezwa. Mengine yalikuwa yamekufa kwa ukame, yakapandwa mapya pale pale. Jambo lile lilikwisha alasiri moja. Aliporudi Kimara aliketi na watoto akawaambia kwamba alimsingizia baba yao mdogo, na kwamba neno lile “mwizi” walilisikia kinywani mwake yeye. Yule mtoto wa mwisho akauliza kama baba mdogo ameshaambiwa hivyo. Baba akampa simu, amwulize mwenyewe.