Mvinyo wa Akiba



Tumeulizwa na ndugu aliyeko Nyamarambe, katika nchi ya Kisii. Tajiri wake alipohama alimwachia chupa sita za mvinyo wa kale. Yeye hanywi, lakini ameambiwa zikilazwa ubavu penye giza na ubaridi, kizibo kisikauke, huzidi thamani. Je, aziweke, kisha aziuze alipe karo ya wanawe?

Hatukatai kwamba duniani zina thamani. Mwaka 2018, huko New York, chupa moja ya Romanée-Conti ya mwaka 1945 iliuzwa dola 558,000. Lakini bei ya soko haihalalishi haramu. Anas bin Malik amepokea kuwa Abu Talha alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mayatima waliorithi pombe, akaamrishwa aimwage. Akauliza kama aigeuze siki, akakatazwa. Ikiwa ya mayatima haikuachwa, itaachwaje yetu? Na katika kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi, yumo mwenye kuuza na mwenye kula thamani yake.

Wala tusimcheke wa Nyamarambe. Huku pwani kwetu wamo wanaowapangisha wauza pombe maghala, kisha hutoa sadaka katika kodi hiyo, wakisema, "Sisi hatunywi."

Basi ndugu yetu, zimwage. Karo ni nzito, twajua. Na tuichangie sisi tuliokujibu, jawabu letu lisiwe maneno matupu.

Wallahu aalam.