Walioshika Kamba



Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9, twasoma jinsi Sauli alivyotoroshwa Dameski usiku. Wanafunzi walimtia katika kapu, wakamteremsha ukutani mpaka chini. Majina yao hayakuandikwa. Lakini kama wangaliiachilia kamba, nyaraka za Paulo tuzisomazo kanisani zisingalikuwako.

Kazi ya kushika kamba ingaliko hata leo. Huko Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, iko nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, yenye urefu wa mita 25 hivi, ambayo watu huipanda wakiwa na viongozi. Katika upandaji wa namna hii kamba hupitishwa kileleni, katika pete za chuma zilizofungwa imara mahali pasipopungua pawili, ili pamoja pakishindwa pa pili pashike. Ncha moja hufungwa kwenye mkanda wa mpandaji kwa fundo lenye umbo la nane. Upande wa pili hushuka mpaka kwa mwenzake aliye chini, ukipita katika kifaa cha kuizuia kilichofungwa kwenye mkanda wake. Mpandaji akipanda, wa chini huvuta kamba isilegee. Mguu ukiteleza, kamba humdaka.

Wapandaji wana sheria mbili zitufaazo na sisi. Ya kwanza, hapana aondokaye chini kabla ya kukaguana: mikanda, fundo, kifaa, na pete kama imefungwa sawasawa. Fundi wa miaka mingi hukaguliwa sawa na mwanafunzi. Mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill wa Marekani, bingwa aliyejulikana duniani, alipanda bila kumaliza kufunga fundo lake. Alipofika juu akaiegemea kamba ateremshwe, nayo ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yakampunguzia kishindo, akapona. Hakukosa ujuzi. Kilichokosekana ni jicho la pili juu ya lile fundo.

Sisi je? Mzee wa kanisa akianza kulewa, au ndoa ya mwimbaji wetu ikilegea, twanong'ona nyuma yake, wala hatumwendei. Twasema, "Yule ni mtu mzima, anajua." Ndugu, kumkagua mwenzako kwa upole si kumdharau. Ni kumpenda kabla hajaanguka.

Sheria ya pili: mkono unaozuia kamba hauiachi kamwe mpaka mpandaji awe chini salama. Hata kama jua ni kali na mwenzake akawia katika jiwe moja, haendi kuzungumza na wapitao. Na kabla ya kumteremsha, huhakikisha kwamba ncha ya mwisho ya kamba ina fundo, isije ikamponyoka.

Hapa ndipo tunapohukumiwa. Kila mtoto abatizwapo twasimama na wadhamini wake, twaahidi mbele za Mungu. Siku ya Kipaimara twapiga vigelegele, twala pilau. Baada ya hapo, ni nani aulizaye kijana yule yuko wapi? Tumeishika kamba siku ya sherehe, tukaiacha alipoanza kupanda. Naye ateleza mjini peke yake, akidhani iko mikono imshikayo.

Twajua kwamba ngome ya juu ni Kristo mwenyewe, naye hang'oki. Lakini amependa kamba yake ipite katika mikono ya watu. Basi juma hili kila mmoja wetu amtaje mtu mmoja aliyekabidhiwa: mtoto wa ubatizo, mjane jirani, mgonjwa aliyesahauliwa. Tumwendee, tumwulize hali, tuombe naye. Huenda majina yetu yasiandikwe popote. Hata ya wale wa Dameski hayakuandikwa, na Paulo alifika chini salama.

Bwana aitie nguvu mikono yetu. Amina.