Mzee Alikuwa Akija Kila Desemba

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, barazani kwetu Mbweni, nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu watatu wa tuisheni, wote wa kidato cha pili, jinsi Kiingereza kinavyoeleza mazoea yaliyopita. Niliandika ubaoni "used to". Nikawaambia: ni jambo lililokuwa likifanyika mara kwa mara, au hali iliyokuwepo, na sasa haipo tena. Haya, kila mmoja aandike sentensi tano.

Mmoja aliandika kwamba zamani alikuwa akiogopa bahari. Mwingine alikuwa akinyonya kidole. Wa tatu, binti mpole ambaye kwao si mbali na kwetu, aliandika: "My grandfather used to come here for mangoes." Babu yangu alikuwa akija hapa kufuata maembe.

Niliweka alama ya vema. Kitenzi kilikuwa sawa, tahajia sawa. Nikageuza ukurasa, halafu nikarudi. Mwembe aliokuwa anausema ulikuwa nyuma ya kiti changu.

Hadi mwaka 2004, mahali nyumba yetu ilipo palikuwa sehemu ya shamba la babu yake: minazi, mikorosho na mwembe mmoja wa dodo. Hiyo ndiyo miaka ambayo Serikali ilikuwa na mradi wa kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar es Salaam, Mbweni ikiwemo, na watu wa mjini walianza kuja na magari kuulizia bei. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Walielewana bei, mashahidi wakaweka sahihi mbele ya mjumbe, watu wakanywa soda.

Lakini kila Desemba mzee alikuja. Alipiga hodi, akaingia na ndoo, akachuma maembe ya kumtosha. Baba alimletea kiti, wakazungumza mpaka jua likapoa. Hakuna karatasi iliyosema mzee ana haki hiyo, na hakuna iliyosema hana.

Baba alipofariki, nyumba ikabaki mikononi mwangu. Mwaka 2019, baada ya wezi kuingia kwa majirani mara mbili, nilijenga ukuta, nikaweka geti la chuma na mlinzi. Desemba ya mwaka huo mlinzi aliniambia kuna mzee alikuja na ndoo, naye akamjibu kuwa mwenye nyumba hayupo. Kweli sikuwepo, nilikuwa kazini. Nikasema nitamtafuta. Sikumtafuta. Mwaka uliofuata hakuja.

Kwa hiyo sentensi ya binti ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeifanya iwe sahihi.

Tangu siku ile nimeifikiria sana "used to". Ina ukimya wa ajabu. Inakuambia jambo lilikuwepo na kwamba limekwisha, lakini haikudai useme lilikwisha lini wala nani alilikatisha. Ukisema "nilijenga ukuta", kuna mtu na kuna tendo. Ukisema "mzee alikuwa akija", mtu pekee anayeonekana ni mzee mwenyewe, kana kwamba alichoka tu siku moja akaacha. Wazaliwa wa Mbweni hutumia sentensi za namna hiyo kila siku: hapa palikuwa na mikorosho, hapa tulikuwa tukipita kwenda pwani. Zote ni za kweli. Hakuna hata moja inayomtaja mtu kama mimi.

Binti aliuliza, "Madam, hapo naweza kutumia 'would'?" Nikamjibu ndiyo. Kila Desemba "he would come", inakubalika, kwa sababu kuja ni tendo linalorudiwa. Lakini huwezi kutumia "would" hiyo kusema alikuwa anamiliki shamba. Kumiliki ni hali. Hali huchukua "used to".

Nilikuwa nimeifundisha kanuni hiyo miaka mingi bila kuona kwamba inatenganisha mambo mawili ambayo kwetu tuliyachanganya. Baba alinunua hali, yaani umiliki. Tendo la kuja na ndoo halikuuzwa, wala hakuna aliyelinunua. Mimi nilipojenga ukuta nilidhani vyote viwili vilikuwa kwenye mkataba.

Na huo umiliki wenyewe tuutaje kwa adabu. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati inampa mtu haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Kuna siku mtu mwingine ataandika kwamba mimi pia "used to live here".

Najua kuna hoja upande wa pili. Kama kila zoea la muuzaji lingemfunga mnunuzi milele, nani angenunua kiwanja? Na wezi hawakuwa wa kubuni. Sidhani kwamba nina deni la maembe. Sidhani hata kwamba ukuta ulikuwa dhambi. Ninachodaiwa ni kidogo zaidi ya hapo, na kigumu zaidi: kuweka kiima kwenye sentensi yangu. Mtu anaweza kuwa na haki ya kukatisha jambo, lakini hana haki ya kujifanya limejikatisha lenyewe.

Jumapili nilikwenda kwao. Mzee alikuwa amekaa nje, kwenye mkeka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Nikakaa. Nikasema, "Babu, ule ukuta nilijenga mimi. Na ile siku uliyokuja na ndoo, niliambiwa. Sikuja kukutafuta. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakuna neno. Aliuliza, "Mwembe bado upo?"

"Upo babu. Ila mwaka jana haukuzaa vizuri."

"Ule huzaa mwaka mmoja, mwaka wa pili hupumzika," alisema. "Nami hupenda kuchuma yale ya upande wa bahari. Hayo huiva kwanza."

Nilirudi nyumbani na zile hu- zake kichwani. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na "use to" ya wakati uliopo. Ilikufa, ikabaki ile ya yaliyopita peke yake. Sisi bado tuna hu-, kiambishi kisichobeba nafsi wala wakati. Mimi huja, wewe huja, mzee huja. Hakisemi limeanza lini, wala hakisemi limekwisha. Miaka kadhaa baada ya geti kufungwa, mzee alikuwa bado anausemea mwembe ule hivyo.

Sijui kama atakuja. Magoti yanamsumbua, na pengine hataki tena kusimama mbele ya geti langu. Mlinzi nimeshamwambia. Ndoo nimeitafuta nikaiweka stoo. Desemba bado miezi tisa.

Jumamosi iliyofuata binti aliniuliza kama ile sentensi yake bado ni sahihi. Nilimwambia aiache kwanza kama ilivyo.