Nani Anakufungulia Barua?

Masomo: 2 Wafalme 5:1–8 na 2 Wafalme 19:14–19



Tarehe 29 Julai 2015 kampuni ya Microsoft ilianza kutoa Windows 10. Siku iliyofuata Chris Beard, aliyekuwa akiiongoza Mozilla, alimwandikia Satya Nadella, mkuu wa Microsoft, barua ya wazi yenye manung'uniko. Alilalamika kwamba mtu akihamia toleo jipya, programu alizozichagua mwenyewe zinawekwa kando, na kuzirudisha kunamlazimu apitie hatua nyingi kuliko zamani. Beard naye alikuwa na lake, maana Mozilla ndio wenye kivinjari cha Firefox, na kila aliyehamishiwa Edge, kivinjari cha Microsoft, alikuwa mtu wao aliyechukuliwa. Hata hivyo alisema jambo ambalo makarani wengi wamelikuta mezani kwao. Jana ulibofya kiambatisho cha PDF kwenye barua pepe, kikafunguka katika programu uliyoizoea. Usiku kompyuta ikajisasisha. Leo kiambatisho kilekile kinafungukia kwenye kivinjari, na hakuna aliyekuuliza.

Linawezekanaje? Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu uitwao MIME, ambao mpaka leo ndio unaoiwezesha barua pepe kubeba picha, sauti na nyaraka. Kila kiambatisho husafiri na kibandiko kinachotaja ni kitu cha aina gani. Uwezo wa mtumaji unaishia hapo. Anaweza kusema "hii ni PDF", lakini hawezi kuiamuru kompyuta yako itumie programu ipi kuifungua. Hilo limepangwa upande wako, katika orodha ambayo wengi wetu hatujawahi kuitazama. Sasisho likiigusa orodha hiyo, barua haibadiliki hata herufi moja, ila anayeifungua si yule wa jana.

Na anayefungua ana uzito wake. Zipo fomu za PDF ambazo zikifunguliwa na baadhi ya vivinjari huonyesha ukurasa mmoja tu wenye maneno ya kukuomba usubiri. Utasubiri mpaka jioni. Fomu yote imo mle ndani, na visanduku vyake na maelezo yake, lakini programu iliyopewa kazi haijui kuisoma. Basi mmoja anapiga simu kwa ukali: "Umenitumia karatasi tupu!" Mwenzake anaapa kwamba ametuma fomu kamili. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugomvi unakuwa mgumu kuamua.

Sasa twende Samaria.

Mfalme wa Shamu alimwandikia mfalme wa Israeli barua. Ilifika pamoja na Naamani, jemadari wa jeshi lake, na mzigo wa talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: namtuma kwako mtumishi wangu Naamani, umponye ukoma wake. Mfalme wa Israeli alipoisoma alirarua mavazi yake. Akauliza kama yeye ni Mungu hata aweze kuua na kuhuisha, kisha akawaambia waliokuwa karibu naye watazame jinsi yule jirani anavyomtafutia ugomvi.

Ugomvi upi? Barua inaomba tiba. Imekuja na zawadi nono. Lakini tusimcheke mfalme huyu haraka. Ahabu alikuwa ameuawa vitani Ramothi-Gileadi akipigana na Shamu. Vikosi vya Shamu vilikuwa vikivuka mpaka na kuteka watu. Baada ya mambo kama hayo, moyo hujipanga upya bila kumwuliza mwenyewe: kuanzia leo, chochote kitokacho Shamu kifunguliwe na hofu. Na hofu ikaifungua barua ya mgonjwa, ikasoma tangazo la vita.

Tazama pia alivyolichukua ombi lenyewe. Alidhani anatakiwa yeye mwenyewe aponye. Ni kweli barua ilisema hivyo, kwa sababu wafalme huandikiana wao kwa wao, na habari za nabii zilikuwa zimepotea njiani. Hata hivyo nabii huyo, Elisha, alikuwa mjini mwake. Mfalme alichotakiwa kufanya ni kumwonyesha mgeni nyumba ya Elisha. Mara ngapi tumerarua mioyo kwa sababu ya ombi tulilolipokea kama dai? Mtoto anaandika kutoka chuoni kwamba mambo ni magumu. Baba anaona ada, anaona deni, anajibu kwa ukali kwamba yeye si benki. Huenda kijana alitaka kusikia sauti ya baba yake tu.

Habari ile ya nabii ilianzia kwa binti mdogo. Alikuwa ametekwa na vikosi vya Shamu, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Yeye ndiye aliyesema kwamba laiti bwana wake angekuwa kwa nabii aliye Samaria, angepona. Ukipima kwa haki, binti huyu alikuwa na sababu nyingi kuliko mfalme za kufungua kila kitu cha nyumba ile kwa uchungu. Lakini aliuona ugonjwa wa mtu yule, akasema neno la kumsaidia. Maandiko hayatuambii alivyolia usiku, wala sitaki kumpamba. Nasema tu kwamba vita vilevile vilimpitia mfalme na vikampitia binti, na wakasoma tofauti.

Wapendwa, kila mmoja wetu amepitia sasisho la namna hiyo. Mume alidanganya safari moja; tangu hapo ujumbe wake wa "nitachelewa kidogo" haufunguki tena kama zamani, hata siku ambayo gari limeharibika kweli. Mzee wa kanisa alituhumiwa kuhusu fedha za ujenzi, baadaye akaonekana hana kosa. Leo mtu akimwuliza tu ujenzi umefikia wapi, anasikia anaitwa mwizi. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake anapigiwa simu na mmoja wao kumjulia hali, naye anahesabu ni kipande gani kimebaki cha kuchukuliwa. Siwezi kumwambia mjane huyo aamini tu. Wapo shemeji ambao salamu yao ni kweli hatua ya kwanza ya kesi.

Ndiyo maana inafaa tukumbuke tarehe 4 Mei 2000. Siku hiyo barua pepe zenye kichwa ILOVEYOU zilianza kuenea duniani zikitokea Ufilipino. Zilitoka kwa watu wanaofahamika: mwenzako wa kazini, binamu, bosi. Kiambatisho kilionekana kuwa maandishi ya kawaida, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, barua ya mapenzi. Mwisho halisi wa jina, yaani .vbs, Windows iliuficha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Aliyebofya hakusoma barua yoyote. Aliiwasha programu, nayo ikaharibu faili zake kisha ikajituma kwa kila aliyekuwa katika kitabu chake cha anwani. Upendo wa kwenye kichwa cha barua ulikuwa chambo.

Mafundi walikuwa na dawa moja ninayoipenda. Iambie kompyuta kwamba faili zenye mwisho wa .vbs zifunguliwe na Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia. Basi. Atakayebofya kwa udadisi ataona mistari ya maandishi, hila yote ikiwa wazi mbele ya macho yake, lakini haitafanya kazi. Imesomwa bila kutiiwa.

Hezekia, mfalme wa Yuda, alifanya jambo linalofanana na hilo. Wajumbe wa Senakeribu mfalme wa Ashuru walimletea barua ya vitisho: Mungu wako asikudanganye, tazama yaliyowapata wafalme wengine. Hezekia aliisoma. Hakuitupa motoni, wala hakuiacha imwendeshe hadi kufungua malango ya Yerusalemu. Alipanda nayo nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele za Bwana. Na katika maombi yake hakukana kilichoandikwa. Alikiri kwamba ni kweli wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa na nchi zao. Taarifa ilikuwa sahihi. Amri iliyojificha ndani yake, kwamba basi kata tamaa, ndiyo aliyoikataa. Kwa mjane wetu nasema hivyo hivyo: isome simu ya shemeji ilivyo, ipeleke kwenye maombi na kwa mtu mwenye busara, wala usiiruhusu ikuendeshe upande wowote kabla ya hapo.

Kwa wale ambao kweli wamekwama na kompyuta, na najua mpo, njia si ndefu. Lihifadhi faili kwanza, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulifungua kwa kutumia programu nyingine, ionyeshe unayoitaka, kisha weka alama kwamba itumike siku zote. Sasisho kubwa likipita tena, kagua. Ikiwa barua yenyewe huijui inatoka kwa nani, usiifungue kwa programu yoyote mpaka umemwuliza mtumaji kwa simu.

Simu nyingi za mkononi zina upole zaidi. Ukigusa kiambatisho kwa mara ya kwanza, huuliza kama programu uliyoichagua itumike mara moja tu au kila mara. Nimeketi na watu waliojeruhiwa, nikajifunza kwamba tunawakosea tunapowadai "kila mara" siku ya kwanza ya msamaha. Hawaiwezi bado. "Mara moja tu" wanaiweza.

Kwa hiyo wiki hii chukua simu yako. Yupo mtu ambaye kwa miezi sasa ujumbe wake unafunguliwa na kisasi, au hofu, au aibu. Tafuta ule wa mwisho aliokuandikia na uusome tena kwa sauti, mara moja tu, ukimwomba Roho Mtakatifu akufungulie yeye. Ukikuta ni ombi, usijitwike uponyaji usiouweza. Mwonyeshe njia ya kwa Elisha. Ukikuta ni chambo kweli, umekisoma, kiache hapo. Na kama ni salamu, mjibu kabla ya Jumapili.